Maji Machungu ya Mama Victoire

Ukimuuliza Libérate anafanya kazi gani, atakujibu bila haya kwamba ni mpishi wa vijidudu. Wala hatanii. Katika maabara moja ya chuo kikuu jijini Stockholm, yeye ndiye aliyepika ule uji wanaokula bakteria, akaumimina kwenye visahani, ukaganda kama jeli. Kanisani kwao, kitongoji cha Rinkeby, watu walimcheka mpaka wakachoka, naye akacheka nao, maana kazi yake aliipenda.

Mwaka 2008 akaja Vasanthi, mtafiti kutoka Chennai, na mifuko ya majani makavu. Alitaka kujua ni mimea gani kati ya dawa za jadi za Kihindi inayoua bakteria kweli. Kulikuwa na manjano, kivumbasi cha Kihindi na mwarobaini. Libérate alipofungua mfuko wa mwarobaini akanusa, mawazo yalimrudisha mjini kwao Uvira, kwenye ua wa marehemu mama yake, Victoire, aliyeosha vidonda vya mtaa mzima kwa maji ya majani hayo.

Vasanthi aliloweka majani yake kwenye spiriti. "Mama yangu alichemsha kwa maji tu," Libérate akamwambia. "Tujaribu na yake."

Vasanthi akakubali. Libérate alichemsha mwenyewe, wakadondosha kila dawa kwenye kisahani kilichopakwa bakteria. Dawa ikiwa na nguvu, kesho yake huonekana duara safi pale ilipodondoka.

Kesho yake mwarobaini wa spiriti ulikuwa na duara zuri. Kivumbasi nacho kilijitahidi. Kwenye maji ya mama, bakteria walikuwa wamestawi kama mchicha wa bustanini.

"Bibi yangu naye alichemsha," Vasanthi alimtuliza. "Dawa nyingine kwenye jani haitoki kwa maji."

Roho ilimuuma Libérate, tusidanganyane. Watu wote wale walimwamini mama yake! Jioni, nyumbani Hallonbergen, alimwambia mumewe, Sixte, kwamba pengine mama aliwadanganya watu bila kujua.

Sixte akaweka uma chini. "Amdanganye nani? Mimi nilikuja kwenu na kidonda ya mguu, na maji ya ziwa ndani ya kidumu. Mama akakataa: chemsha kwanza, mpaka majani itoe rangi yote. Chérie, angeniambia nichome kuni juu ya maji matupu, ningeitika? Nilichemsha sababu ya ile majani."

Libérate akainuka mezani, akatafuta chupa safi ya kuchotea maji.

Asubuhi alichota maji kidogo kwenye ziwa lililo karibu na kwao, na kule maabara akachukua visahani viwili visivyopakwa bakteria. Kimoja akakidondoshea maji ya ziwa, kingine maji hayohayo aliyoyachemsha na majani kama mama. Kufikia kesho yake, cha ziwa kilikuwa kimejaa madoa ya kila rangi. Cha mama kilikuwa kitupu kabisa.

"Hiyo ni kazi ya moto," Vasanthi akasema kwa upole. "Si ya jani."

"Najua," Libérate akajibu, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu juzi. "Na nani aliwafanya watu wa mtaa wauwashe?"

Vasanthi akacheka. Visahani vilivyokwisha kazi hutupwa siku hiyohiyo. Kile kitupu Libérate alikiacha mezani mpaka Ijumaa, na kila aliyepita alisimamishwa aangalie jinsi kisivyokuwa na kitu.