Vikombe Vitatu vya Nyumbani

Ghalani walimwita Ulimi, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kuonja kahawa kabla haijafungwa na kupelekwa kwa wanunuzi. Chumba chake kilikuwa na meza ya duara inayozunguka, dirisha moja pana, na ndoo ndefu ya bati aliyoisukuma kwa mguu kila alipohamia kikombe kingine. Alichota kijiko, akavuta funda kwa mlio kama mtu anayepiga mluzi kinyumenyume, akalizungusha mdomoni, akatema, kisha akasema maneno mawili matatu ambayo karani aliyaandika haraka.

"Safi, ina uchachu kidogo."

"Gunia hili liliwahi kuloa."

"Hii ililala karibu na mafuta ya taa. Warudishieni wenyewe."

Wageni walimcheka kwa ule mlio, ila si kwa muda mrefu. Mmoja alibisha kuhusu mafuta ya taa, akaenda kuuliza alikotoa mzigo, akarudi kichwa chini.

Kila mwaka ghala lilimleta nesi kupima afya za wafanyakazi. Ulimi alikuwa bingwa wa kumkwepa: mwaka huu sampuli zimejaa mezani, mwaka ule mafua. Safari hii meneja alibandika orodha mlangoni, na jina la kwanza juu kabisa lilikuwa lake. Akaja asubuhi bila kula, kama walivyoagizwa, akaketi mbele ya mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Nesi akamchoma kidole, akampima presha, akamzungushia futi kiunoni. Akaandika. Akaangalia tena alichoandika.

"Kahawa unakunywa, dada?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Kwa siku vikombe vingapi?"

"Mzigo ukiwa mkubwa, mia mbili."

Nesi akaweka kalamu chini. "Mia mbili?"

"Lakini yote naitema."

"Na ambayo huitemi?"

Hapo Ulimi akajikohoza. "Vitatu tu, nyumbani. Kimoja nikitoka kazini, kimoja baada ya chakula, na kimoja cha kufungia siku."

"Vina nini ndani?"

"Maziwa. Sukari vijiko vinne. Na biskuti, lakini hizo haziko ndani, ziko pembeni."

Nesi akacheka, naye akacheka, ila kicheko cha Ulimi kilikatika njiani. Sukari yake ya damu ilikuwa imepanda. "Kisukari bado hakijaingia," nesi alisema, "lakini kipo mlangoni kinapiga hodi. Kahawa yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni hivyo vijiko kumi na viwili kila siku, na biskuti, na kiti. Kutwa umesimama pale pale, jioni umeketi. Na hicho cha kufungia siku, usingizi unaupata?"

"Naupata. Unachelewa tu."

"Punguza, tembea, urudi kwangu zahanati baada ya miezi mitatu."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Ulimi hakuwaza kisukari. Aliwaza atamwambiaje mumewe.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na kila mtu, hata yeye mkewe, alimwita Fundi. Tangu alipohamishia cherehani yake kwenye chumba cha mbele, miaka kumi na minane iliyopita, ndiye aliyeandaa kahawa ya nyumba ile. Akisikia geti, aliacha nguo ya mteja chini ya sindano na kuingia jikoni. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Katika maisha yao hakumwandikia hata kadi moja. Lakini kile kikombe kilikuwa mezani kabla mkewe hajavua viatu, kitamu mpaka kijiko kinagoma kugeuka.

Siku ya kwanza Ulimi hakusema. Ya pili pia. Siku ya tatu Fundi aliweka kikombe mezani akarudi kuchukua biskuti. Ulimi akapiga funda, akakumbuka kidole kilichochomwa, na bila kufikiri akasimama akaenda kutema kwenye sinki, kama alivyotema mara elfu kazini. Alipogeuka, Fundi alikuwa amesimama na sahani mkononi.

"Imeharibika?"

"Hapana, Fundi."

"Sasa mbona umetema?"

Ulimi akafungua bomba kusuuza sinki. Fundi akaweka sahani taratibu.

"Huko kazini unatema za watu, sawa, ni kazi," alisema. "Yangu ulikuwa unameza."

Akarudi kwenye cherehani. Ulimi alimjua mumewe kwa pedali: akiwa na furaha ilikwenda kwa mwendo wa kutembea, akiwa na haraka ilikwenda mbio, na akiwa amenuna ilikwenda, inasimama, inakwenda. Jioni ile ilisimama zaidi ya kwenda. Ulimi akavuta kigoda akakaa kando ya mashine na kumweleza yote, tangu futi ya nesi mpaka ile hodi mlangoni.

Fundi alisikiliza macho yakiwa kwenye sindano. Mwishowe akainuka, akafungua kabati, akatoa sketi ya kazi ya mkewe, ile ya bluu, akaigeuza ndani nje. Kiunoni kulikuwa na mistari mitatu ya vitundu vya sindano, sambamba kama reli.

"Unaona huu? Mshono wa kwanza. Huu wa pili. Huu wa mwaka jana. Nilikuwa naachia kidogo kidogo ukiwa kazini umevaa ile nyingine, ili usione inabana. Nesi wako kachelewa. Mimi futi ninayo."

Ulimi akapapasa vile vitundu. "Ulijua, na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Mke wangu, umenenepa, lete sketi? Bado nina akili zangu."

Wakacheka mpaka Fundi akavua miwani kufuta macho. Na kwa kuwa siku ilikuwa imeshakuwa ya kusema ukweli, Ulimi akaona amalize na lake.

"Fundi, na mimi nina jambo. Kahawa yako unaichemsha mno. Inaungua. Ndiyo maana bila vijiko vinne hainyweki."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Fundi akaketi tena kwenye cherehani. Pedali ikapigwa mara moja, ikasimama. "Miaka kumi na minane," Fundi alisema polepole, "nimelala na mwonjaji mkuu kitanda kimoja, naunguza kahawa, na hasemi!"

"Ulikuwa unaileta kwa roho safi. Ningeanzaje?"

Jumapili iliyofuata Ulimi alitandika kitambaa cheupe juu ya meza ya kukatia nguo, akapanga vikombe vitano vya kahawa aliyoitengeneza mwenyewe, maji yakiwa yameepuliwa mapema. Kimoja hakikuwa na sukari, cha mwisho kilikuwa na vijiko vinne, na alama aliziandika chini ya visahani kwa chaki ya Fundi. Akamfundisha kuvuta funda kwa mlio. Fundi akavuta, kahawa ikapita njia ya hewa, akakohoa nusura aiogeshe suti ya bwana harusi iliyotundikwa karibu. Alipotulia akaonja vyote, akarudia, akanyoosha kidole. "Hiki ndicho cha kwetu cha kila siku."

Ulimi akageuza kisahani. Kilikuwa cha kijiko kimoja na nusu.

"Umeniibia," Fundi alisema, akaonja tena kuhakikisha.

Hawakuruka kutoka vinne hadi sifuri. Walishuka nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, na mizani ilikuwa ulimi wa Fundi, maana wa mkewe ulizoea kahawa kavu ya kazini, isiyo na sukari. Kikombe cha kufungia siku kiliondolewa kwanza, na ndani ya wiki mbili usingizi wa Ulimi ulianza kuja kwa wakati. Cha baada ya chakula kikahamia mchana, kazini. Biskuti zilileta kesi. Fundi alizipenda kuliko alivyokiri, akazificha kwenye boksi la vifungo, na Ulimi, ambaye pua yake haikujua kustaafu jioni, alizigundua siku hiyo hiyo. Wakakubaliana mbili kila Jumamosi. Jioni, badala ya kukaa, walitembea mpaka duka la dawa la barabara ya juu na kurudi. Kulikuwa na wiki walizoteleza, hasa mteja fulani alipolipa fadhila kwa keki nzima. Waliila kwa siku mbili bila kujitetea, kisha wakarudi kwenye mstari.

Miezi mitatu ilipokwisha nesi alimpima, akasema mambo yanashuka, aendelee. Baada ya miezi mitatu mingine akavua miwani kabisa. Sukari ilikuwa imerudi pazuri, na kiuno kimepungua vidole vinne.

"Umefanyaje?"

"Nimemwambia mume wangu anaunguza kahawa."

"Basi usilewe sifa," nesi alisema akiandika. "Mwakani nakutaka tena wa kwanza kwenye orodha."

Mwezi uliopita wifi yake, dada mkubwa wa Fundi, alikuja kukaa wiki moja. Alipopewa kikombe akapiga funda moja na kukunja uso. "Hii ni kahawa au dawa ya minyoo?" Fundi akamsogezea bakuli la sukari bila ubishi. Wifi akatia vijiko vitatu, akakoroga, huku mdogo wake, kifua mbele, akimweleza habari ya maji yanayoanza kunong'ona na wakati wa kuepua birika, mpaka wifi akasema kama ni hotuba, angeketi pazuri.

Ilipofika saa ya kutembea, wakaenda naye. Alilalamikia viatu vyake kuanzia getini, akasimama mara mbili kuangalia mapazia ya watu, akataka kujua duka hilo la dawa lilijengwa nchi gani. Ulimi akamshika mkono upande mmoja, Fundi upande mwingine, wakapanda barabara ya juu polepole, watatu wakiongea kwa pamoja.