Ukuta Uliosilibwa Alhamisi

Kanisa letu la kwanza hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, lilijengwa kwa tope, na kwa miaka kadhaa nilikuwa mtu pekee aliyeamini kwamba tope lile lilistahili kutunzwa. Sisemi hivi kwa kujisifu. Kuwa mtu pekee mwenye jambo lake ni kazi ya kuchosha. Mwisho wake watu wakikuona unakuja na bahasha ya khaki mkononi, kila mmoja anakumbuka kwamba ameacha sufuria motoni.

Nilikuwa na miaka tisa tulipofika kutoka Bukavu. Baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, akawa mfyatua matofali kama wanaume wengine. Walijenga kanisa kabla ya wengi wao kumaliza nyumba zao, matofali mabichi na udongo juu yake, paa la nyasi, baadaye mabati. Ukuta wa upande wa kulia ulipokuwa bado mbichi, baba alichukua msumari akaandika majina ya watu wetu waliokufa njiani. Kila mwanamume aliyefiwa alikuja jioni baada ya kazi, akamtajia jina na mahali alipomzika: kando ya daraja, nyuma ya kituo cha afya, kwenye shamba la mihogo la mtu tusiyemjua. Baba aliandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi zimesimama wima kama wanafunzi mstarini.

Mstari wa tatu ulikuwa wa dada yangu. Alikuwa na miaka minne. Hatuna picha yake, na kaburi lake hata leo nikipewa gari na dereva siwezi kulipata. Lile jina ukutani ndilo lililokuwa kaburi.

Mama hakujua. Hakwenda shule, hasomi, na baba aliniambia siku ile ile, mikono yake ikiwa bado na udongo: "Usimuambie mama yako. Akijua, hataweza tena kuomba mule." Kwa hiyo mama alijua kama walivyojua wanawake wengine, kwamba wanaume walichorachora ukuta wakati wa kujenga. Baba alikufa tungali hapa hapa. Waliomtajia majina, wengine wamekufa, wengine wamepelekwa Amerika na Kanada, na waliokuja baada yao waliona ukuta tu. Herufi zenyewe zilikuwa hafifu. Ilibidi uingie asubuhi mapema, jua likipita kwenye dirisha la mashariki na kuulalia ukuta kwa ubavu, ndipo zilijitokeza zote kwa muda mfupi. Saa tatu, watu wanapofika ibadani, zilikuwa zimezama tena. Mimi ndiye niliyeshika ufunguo wa kanisa. Nilizisoma karibu kila Jumapili, peke yangu.

Halafu kamati ya kanisa ikaamua kujenga upya. Matofali ya kuchoma, saruji, madirisha ya vioo. Mchungaji wetu, mtu mwema ambaye nimekula kwake mara nyingi, alisema kikaoni kwamba Mungu hawezi kuendelea kuabudiwa ndani ya kichuguu. Watu wakacheka, na mimi nikakosa usingizi. Nilisimama nikasema kuna historia mule ndani. Mzee mmoja wa kamati akaniuliza kama historia inazuia mvua.

Nikasikia kwamba huko Lilongwe, Capital Hill, kuna ofisi inayotunza majengo ya kale, na ikiweka kibao chake mlangoni hakuna wa kubomoa. Nikaanza safari zangu. Kwanza kibali cha kutoka kambini. Kisha kabaza, baiskeli ya abiria, hadi barabara ya lami, minibasi hadi mjini, na kupanda kilima kwa miguu na viatu vya ibada. Mara ya kwanza aliyehusika alikuwa semina. Mara ya pili barua ilihitaji muhuri wa kanisa. Mara ya tatu muhuri ulikuwepo ila barua ilitakiwa iwe ya Kiingereza. Mara ya nne walisema Kiingereza chake kimekaa kama Kifaransa, jambo ambalo lilikuwa kweli. Ngojangoja huumiza matumbo, na mimi matumbo yangu yaliuma hasa, maana nyumbani kamati ilikuwa imeshaanza kukusanya mawe ya msingi.

Ofisa niliyempata mwisho alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Alinipa kiti. Aliposikia Dzaleka uso wake ukachangamka. "Tunaifahamu," alisema kwa Kiingereza. "Ilikuwa gereza. Ipo kwenye kumbukumbu zetu." Nikamwambia najua ilikuwa gereza, lakini sisi tumekaa pale muda mrefu kiasi kwamba watoto waliozaliwa pale wana watoto wao. Akatikisa kichwa kwa huruma. Alisema shida ni kwamba sisi, kwa karatasi, ni watu wa muda. Nilitamani kumuuliza muda huo unaisha saa ngapi ili nijiandae. Lakini nilihitaji kibao.

Akaomba picha. Nilikuwa nimeipiga kwa simu na kuichapisha dukani Chilinde, mtaa wa hapo mjini, karibu na chumba cha binamu yangu fundi cherehani. Niliipiga saa sita mchana, siku niliyokuwa na haraka. Ofisa aliigeuza huku na huku, akavua miwani, akaivaa tena.

"Ninaona tope," alisema.

Nikamweleza habari ya jua la asubuhi. Nilieleza kwa mikono, nikainama mezani kwake kuonyesha mwanga unavyoingia, mpaka mtu wa meza ya pili akaacha kuandika akatutazama. Sijui kama ni historia iliyomshawishi au aliona huruma. Alisema angekuja mwenyewe Ijumaa ya wiki iliyofuata, na kwamba angetoka mjini alfajiri ili ayawahi majina. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili. Zikomo, nilimshukuru kwa Kichewa, zikomo kwambiri, kama mara tano.

Jumapili nikatangaza kanisani. Niliyakumbuka maneno yangu baadaye neno kwa neno, kwa sababu niliyarudia kichwani siku nyingi. Nilisema: "Ijumaa wageni wa serikali watakuja kuangalia kanisa letu. Bamama, tunawaomba muandae." Basi. Habari ya ukuta sikuitaja. Niliona jambo la ukuta ni la barua na mihuri, la wanaume wenye bahasha. Bamama ni watu wa kufagia na kupika.

Jumatano nilikwenda mjini kuhakikisha gari lipo. Nikalala Chilinde kwa binamu siku mbili, na Ijumaa alfajiri ofisa akanipitia. Njiani nilikuwa na furaha ambayo sasa inaniudhi nikiikumbuka. Nilimwonyesha mashamba ya mahindi kama kwamba ni yangu.

Tulifika jua limechomoza vizuri, saa yenyewe hasa. Bamama wa kwaya walikuwa wamejipanga mlangoni na vitenge vya sare, wanaimba na kupiga makofi. Mama yangu alikuwa mbele, yeye ndiye mkubwa wao. Uwanja umefagiwa hadi mistari ya ufagio inaonekana. Nilimtanguliza ofisa ndani, na nilipoingia nyuma yake nikasikia harufu ya udongo mbichi.

Ukuta wa kulia ulikuwa mweupe. Walikuwa wameusiliba wote kwa mikono, kutoka chini hadi kwenye mabati, kisha wakaupaka chokaa. Jua liliingia dirishani likaulalia kwa ubavu kama siku zote, na kilichojitokeza ni alama za vidole vya wanawake, zimepinda vizuri kama mawimbi. Penye majina palikuwa laini.

"Pazuri sana," alisema ofisa. Kisha akanitazama. "Ni ukuta upi?"

Nilimgeukia mama, aliyekuwa ameingia akitabasamu, na nikamuuliza nani aliyewaambia wafanye vile.

"Mi njo nilibaambia," alisema. "Bageni ba Leta, ba serikali, banatoka mbali, tubapokee mu nyumba ya uchafu? Ile ukuta ilikuwa na mikwaruzo yote-yote, sawa kuku njo balikwangua. Siku ya ine, jana, tuliamuka mapema, tukasiliba muzuri."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, na kwetu mwenyeji hawezi kupona kama ukuta wake una madoa. Hata msiba ukitokea, kabla ya kuketi kulia, wanawake wanatengeneza nyumba. Nilijua hivyo. Nimekulia humo. Lakini asubuhi ile nilikuwa na hasira ya miaka yote, ya kilima na viatu na Kiingereza kilichokaa kama Kifaransa, na ilimtokea yeye, mbele ya kwaya na mbele ya mgeni.

"Mama, ile haikukuwa mikwaruzo! Ilikuwa majina ya bale balikufa mu njia. Papa njo aliandika. Umefuta mutoto wako!"

Wimbo ulikufa mlangoni. Mama aliugeukia ukuta, mikono yake ikiwa bado na weupe kwenye kucha.

"Yee iko mule?" aliuliza.

"Alikuwa mule."

"Na weye unajua tangu siku gani?"

"Tangu mutoto."

"Miaka yote ile minapita pale na ufagio," alisema, taratibu, kama mtu anayehesabu hatua zake. "Na weye unaniangalia."

Alitoka. Bamama wakamfuata mmoja mmoja, na hakuna aliyenitazama. Ofisa, ambaye hakuelewa maneno ila alielewa yote, alizunguka ndani kwa adabu, akajaza fomu yake juu ya mimbari. Nilisoma alichoandika: jengo la udongo, hali nzuri, limekarabatiwa karibuni, hakuna alama za kuhifadhi. Hali nzuri! Aliniomba radhi na akakataa chai. Mchungaji alimsindikiza hadi garini, na aliporudi aliniambia, bila ubaya wowote, kwamba basi mvua zikiisha wataanza kubomoa.

Siku nzima nililaumu. Niliilaumu kamati, nikailaumu ofisi ile na karatasi zake, nikawalaumu bamama na ukarimu wao usiouliza swali, nikamlaumu hata baba na siri yake. Jioni nilikwenda kwa mama kumwomba msamaha, akaniwekea nsima, ugali wa hapa, na dagaa mezani kama kawaida, akaenda kulala. Kinyozi hajinyoi. Nilikuwa nimezunguka Lilongwe yote nikiwahubiria wageni kuhusu kukumbuka, na mtu aliyestahili kuambiwa kwanza alikuwa akinipikia.

Jumamosi asubuhi alinigongea mlango. Alisema nichukue ufunguo. Kanisani alisimama mbele ya ukuta, akafungua pindo la kitenge chake, akatoa msumari mrefu wa kuezekea.

"Udongo haiyakauka ndani," alisema. "Nionyeshe fasi alikuwa."

Nilisogea. Nilijua ni mstari wa tatu, lakini wa tatu kutoka wapi, wakati wa kwanza haupo? Niliangalia dirisha, nikapima kwa kiganja, nikaweka kidole mahali. Pengine ni pale. Pengine ni kiganja kimoja juu yake. Mama hakuniuliza kama nina hakika. Alipapasa pale, akafuata kwa vidole upinde mmoja wa udongo, akasema, "Hapa njo mi nilisiliba. Hii mukono ni yangu."

"Andika," akasema.

Nikaandika. Msumari ulipasua chokaa na chini yake ukatokea udongo mweusi wenye unyevu, kwa hiyo jina lilisomeka wazi, wazi kuliko lilivyowahi kusomeka. Mwandiko ulikuwa wangu, herufi zimelala ovyo. Mama alilipitia kwa kidole, herufi moja moja, akarudia tangu mwanzo. Alikuwa akilia bila sauti na mimi pia nililia. Kwa mara ya kwanza tangu safari zangu zianze nilihisi kuna kitu nimekifanya.

Kisha akajifuta uso, akaketi kwenye benchi, akautazama ukuta wote uliobaki, mweupe, mkubwa.

"Na benzake?" aliuliza. "Bale bengine, balikuwa nani?"

Nilikumbuka wa kwanza, yule mzee wa darajani. Nikamwandika. Nikakumbuka mapacha. Nikakumbuka mwanamke wa kituo cha afya, ila jina lake moja tu, la pili halikuja. Baada ya hapo hakuna jina jingine lililokuja. Nilikuwa nimeyasoma majina yale karibu kila Jumapili ya maisha yangu bila kuyakariri, kwa sababu nilijua Jumapili ijayo yangekuwepo. Barua ya Capital Hill niliinakili mara saba, kwa mkono, kwa lugha mbili. Majina sikuyanakili hata mara moja.

Mama aliendelea kungoja kwenye benchi. Jua lilikuwa limeshaanza kutoka ukutani.