Mshenga Mwenye Kijana

Usiku ule Nesta hakulala. Kila pikipiki iliyopita barabara ya Igamba aliifuata kwa masikio mpaka ikapotea, kisha akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Alikuwa akimsubiri Rozi, shoga yake na mwimbaji mwenzake wa kwaya, aliyeshuka Msangano tangu asubuhi kumposea Yonathani, mwana wa Nesta, binti aitwaye Pendo. Kijana mwenyewe alikuwa Tunduma, akipakia malori.

Mama mkwe wa Nesta alimwonya mapema. "Unamtuma mshenga mwenye kijana wa kuoa? Mwanamke we!" Nesta akacheka. Yeye na Rozi walipalilia kahawa pamoja miaka yote. La moyoni mwa mmoja, mwenzake alilijua.

Kulipokucha alimkuta Emanueli, bodaboda aliyempeleka Rozi, akiosha pikipiki bombani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmerudi saa ngapi, jamani?"

"Jana, jua halijazama. Kwani hajaja kwako?"

Nesta akamsogelea. "Wamekataa?"

"Wamekubali. Ila..." Emanueli akasugua tairi lililokwisha kutakata. "Wamemkubali Wiliam."

"Wiliam yupi?"

"Mtoto wa mshenga wako. Mimi nilikaa kibarazani, nasikia yote. Baba wa binti aliuliza kama ukoo wenu una ugonjwa. Mshenga akashusha sauti, akasema Yonathani alikuwa anaanguka kifafa. Wazee wakatazamana! Ndipo akasema, basi hata mimi ninaye kijana, na ni mzima."

Ni kweli Yonathani aliwahi kuanguka, mara mbili, kabla hajaanza shule. Hakuanguka tena. Nje ya nyumba yao Nesta alimwambia mtu mmoja tu, shambani, akilia, na mtu huyo alimfuta machozi kwa khanga yake mwenyewe.

Hakuaga. Alikwenda moja kwa moja kwa Rozi. Ndani watu walikuwa wakicheka.

"Hodi!"

Kicheko kikakatika. "Nani?"

"Mama Yonathani."

"Aa, mwenzangu. Safari imenichosha. Njoo kesho."

"Umewaambia nini wale watu?"

"Waliuliza. Ulitaka nidanganye mbele ya wazee?"

"Nilikutuma ukamwombee mwanangu mke, Rozi, si ukamzike! Habari ikishasambaa, nani atampa binti yake?"

Simu ikaanza kuita kwenye fundo la khanga yake. Akaifungua, akaona jina la mwanawe. Atamwambia nini? Akaisogeza karibu na mbao za mlango.

"Huyu hapa anapiga. Fungua umwambie mwenyewe."

Nyayo zikaja hadi mlangoni, zikasimama. Akasikia pumzi ya Rozi upande wa pili, karibu kabisa. Kisha komeo likasukumwa, polepole, likaingia tunduni.