Bakuli la Mama Mkwe

Mwaka 1934, katika kaunti yetu huko Nebraska, mwalimu wa kike aliyeolewa alifukuzwa kazi. Mwalimu wa kiume aliyeoa aliongezwa mshahara. Ndivyo bodi ya shule ilivyoandika, na wanaume watano waliotia saini walikwenda zao wakijiona wana busara.

Bibi yangu, Verna Tollefsen, alikuwa ameolewa kwa siri mwezi Juni na Orrin Haugland, mkulima ambaye shamba lake lilikuwa limegeuka vumbi. Mshahara wa Verna ndio uliowalisha. Kwa hiyo aliendelea kupanga chumba mjini, Orrin akabaki shambani kwa mama yake, na Jumapili walisalimiana kanisani kama watu wanaojuana kwa mbali.

Novemba kukawa na chakula cha pamoja kanisani. Kila mwanamke alileta chombo chake, chini kimebandikwa plasta yenye jina la ukoo, kisije kikapotea. Verna alioka viazi kwa maziwa katika bakuli alilopewa na mama mkwe, akasahau kubandua plasta.

Wakati wa kuosha vyombo, Agda Stensrud, mke wa mwenyekiti wa bodi, aliligeuza.

"Haugland," akasoma kwa sauti. "Mwalimu, viazi vyako vimeolewa lini?"

Jiko zima likacheka.

"Nimeliazima," Verna akasema.

"Kwa nani? Yule bibi hamwazimi mtu hata sindano." Agda akafungua mlango wa ukumbini. "Orrin! Hebu njoo, mwanangu. Bakuli la mama yako limefikaje kwa mwalimu?"

Orrin akaja na kahawa yake mkononi. Akamtazama Verna, kisha sakafu. "Kaazimwa, mama."

"Haya, basi huna mtu. Mpwa wangu Sigrun yupo pale mezani, anakamua ng'ombe sita kabla hujavaa viatu. Kakae naye. Mwalimu hana neno. Au unalo, Mwalimu?"

Verna alijua akinyamaza tu, kazi inabaki. Lakini Orrin alikuwa ameshageuka kwenda. Kilichomchoma ni jinsi alivyotii upesi.

"Rudi hapa, wewe! Huyo ni mume wangu. Na wewe Agda, toa mikono yako kwenye bakuli langu."

Jumatatu wakamfukuza. Theluji ikaanguka, mwalimu mwingine hakupatikana, na kabla ya Krismasi Stensrud mwenyewe akafika shambani, kofia mkononi.

"Verna, tusaidie mpaka Machi tu. Watoto wamekaa bure."

"Mimi? Mimi mke wa mtu, Bwana Stensrud. Mliandika wenyewe kwamba sifai."

"Usiweke kinyongo, binti. Ni watoto hawa."

"Wako ana miaka tisa na hajui kusoma. Mfundishe wewe."

Akamfungia mlango, mzee wa watu na baridi ile.

Shule haikufunguliwa hadi Aprili. Kanisani hakuna aliyempa mkono. Orrin alimnunia majira yote ya baridi, kwa sababu walikula kabichi asubuhi na jioni, na kila alipoinua kijiko alihema ili asikike.

Hakufundisha tena. Nilipomuuliza, akiwa mzee, kama alijutia kuipoteza kazi ile, alijibu bila kuniangalia.

"Kazi, sana. Mume ningemwachia tu Sigrun."