Mkono Kwenye Koo Langu

Mwanangu alipokuwa na miaka miwili alikuwa na tabia moja niliyoipenda kuliko zote. Nikiwa namenya viazi huku napiga soga zangu za Kiswahili, alikuwa anakuja, ananyoosha mkono na kuuweka kooni kwangu. Hanitazami. Anatazama ukuta, au maji yanavyochuruzika, lakini kiganja kipo pale pale, chenye joto, mpaka ninyamaze. Nilikuwa nampa maneno yoyote yale: haya baba, haya mzee wangu, viazi hivi vimeoza, jirani naye kaanika nguo na mvua hiyo inakuja. Kiswahili changu ni cha Buyenzi, kule Bujumbura nilikozaliwa na wazazi wakimbizi, na ndicho kinachonitoka kabla sijafikiri.

Yeye mwenyewe hakutoa neno. Hakusema mama, hakusema maji. Nyumbani kwetu Gatsata, hapa Kigali, kila mtu alikuwa na maelezo, na maelezo yalikuwa yale yale: lugha. Mimi Kiswahili, mume wangu aliyekulia Kampala Kiingereza, mama mkwe Kinyarwanda. Familia kama zetu, zilizorudi Kigali kila mtu na lugha ya alikotoka, mtoto akichelewa kusema hazitafuti sababu mbali.

"Mutoto iko na luga tatu mu kichwa," mama mkwe aliniambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, ili nisije nikasingizia kwamba sikuelewa. "Zinapigana. Mumuachie moja."

Mume wangu akaongezea habari za mjomba wake aliyeanza kusema akiwa na miaka minne, na sasa ukimkaribisha chai unajuta. Tukacheka. Tukakubaliana kwamba mtoto asikie Kinyarwanda tu, mdomo utafunguka.

Basi Kiswahili nikakifungia. Mtoto akaja na mkono wake kama kawaida, nami nikampa Kinyarwanda changu cha ukubwani, cha kuchagua maneno, cha mtu anayeongea na wakwe. Akasikiliza kidogo, akautoa mkono, akaenda zake. Kesho yake vile vile. Baadaye akaacha kabisa kuja.

Nilikitamani kile kiganja mpaka naona aibu kusema. Uani kwetu watoto wa majirani walikuwa wanashinda wanaita, mama, mama, mama, mpaka mama mtu anatoka na ukali wake, jamani mna nini leo! Nilikuwa natamani hata huo ukali. Nilitaka na mimi nichoshwe kwa kuitwa.

Mdomo haukufunguka, si kwa Kinyarwanda wala kwa lugha nyingine. Baada ya kuzungushwa sana tukapata nafasi kwa daktari mmoja wa watoto, mwanamke, huko Kimihurura. Alivua viatu, akakaa sakafuni na mwanangu, akamwacha afungue na kufunga droo ya meza mpaka atosheke. Aliuliza mengi. Akitaka kitu anakuonyeshaje? Nikasema haonyeshi, anajichukulia mwenyewe. Mwishoni akatuambia ni usonji, akatueleza polepole maana yake, na kwamba atahitaji shule yenye mtu wa kukaa naye karibu.

"Na hizi lugha zetu?" mume wangu akauliza.

Daktari akatikisa kichwa. Lugha hazikumfanya hivyo, na kumnyima mojawapo hakumsaidii. Mama aongee naye ile asiyojikaza kuiongea.

Nililia pale pale. Mume wangu akanishika bega, akidhani nalilia usonji. Mimi nilikuwa nalilia soga zangu zote nilizomeza.

Jioni ile nilirudi jikoni na Kiswahili changu. Niliongea mpaka sauti ikakauka. Hakuja.

Kutafuta shule nako kulinipandisha hasira. Ya kwanza ilituambia imejaa, nasi tunaviona viti vitupu. Nyingine ilitaka aseme kwanza ndipo imchukue. Ni sawa na kumwambia mgonjwa apone kwanza ndipo alazwe. Iliyomkubali iko Remera, nyuma ya Gisimenti. Wakampa mwalimu msaidizi, binti mpole, na kona yenye mkeka ya kupumzikia kelele zikimzidi. Wakamtengenezea kadi za picha za kuombea vitu: maji, choo, mpira. Picha yangu nayo ilikuwemo. Alikuwa anaipita tu, kama vile ni ya mwenye nyumba anayetudai kodi.

Siku moja nilipokwenda kumchukua, yule binti alinisubiri mlangoni.

"Mama, leo iko kitu amefanya. Amekuja, ameniweka mukono hapa." Akajigusa koo. "Nikamusemesha Kinyarwanda. Akatoa. Akaenda kwa mwalimu mukubwa, na yeye akamusemesha Kingereza. Akatoa. Akaenda kwa bapishi, akaenda mpaka kwa mulinzi, kule ku geti. Kila mutu anamusikiliza kidogo, halafu anatoa. Sijui alikuwa anatafuta nini."

Mwanangu alikuwa amesimama karibu na geti, kanipa mgongo. Nikachuchumaa mbele yake.

"Haya baba," nikasema. "Haya mzee wangu. Mama kachelewa, jua kali, njiani kote vumbi tupu."

Hakunitazama. Alikuwa anatazama komeo la geti. Lakini mkono ulikuja, ukatua kooni kwangu, ukatulia.

Mpaka leo hajaniita mama, na sitaacha kulitamani hilo neno. Ila siku ile alikuwa ameniita shule nzima, mtu mmoja mmoja, nami niko Gatsata namenya viazi. Mlinzi akaja na ufunguo, anataka kufunga. Nikamwashiria asubiri, nikaendelea kuongea.