Niliitikia Amina, Nikajikuta Kituoni

Nimewahi kukamatwa kwa kosa la kuitikia amina.

Msicheke. Mke wangu naye alicheka, mpaka alipochungulia dirishani akaona askari wawili wakinisubiri nivae viatu.

Niwaeleze vizuri.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha magodoro. Mimi ni mtu wa cherehani, nashona pembe. Kila asubuhi, robo saa kabla ya zamu, watu wanne tulikuwa tunakutana kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Tunasimama katikati ya makabati, tunashikana mikono, mmoja anaomba, wengine tunaitikia.

Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi. Sikusomea. Nilichaguliwa kwa sababu ya amina yangu. Ilikuwa inasikika mpaka stoo.

Alhamisi hiyo aliyeomba alikuwa Foko. Tulimwita hivyo kwa sababu ndiye aliyeendesha foko, ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Mtu wa sala kwelikweli. Hata injini hakuwasha bila kuinamisha kichwa.

Akaomba. Akaomba. Akaomba.

Mimi jioni nilikuwa na jaribio la biolojia. Nasoma masomo ya jioni, kidato cha pili, na mvi zangu hizi. Kwa hiyo macho nimefumba, mikono nimeshika, lakini kichwani narudia sehemu za ua. Petali. Sepali. Stameni.

Kila Foko alipovuta pumzi, mimi nikaweka amina.

Jumamosi sikuwa zamu. Saa nne asubuhi lori likafika geti la nyuma la kiwanda. Mlinzi aliyelifungulia hakuwa mlinzi. Alikuwa polisi aliyevaa koti la mlinzi. Foko akakamatwa akiwa juu ya foko yake, binamu yake akakamatwa kwenye usukani wa lori. Lori lilikuwa tupu.

Jumapili, nimetoka kusali, wakaja kwangu.

Mpelelezi pale kituoni alikuwa mama mmoja mpole, sauti ya chini. Akaweka simu juu ya meza.

"Mzee, unamfahamu Mama Usafi?"

"Namfahamu, afande. Anafagia pale kwetu. Tunasali naye."

"Basi alikuwa anarekodi sala zenu, anamtumia dada yake aliyelazwa hospitali. Dada mtu hana la kufanya kutwa nzima. Anasikiliza kila neno. Ndiye aliyetupigia."

Akabonyeza.

"Ee Mungu," sauti ya Foko, "Jumamosi saa nne lori la binamu yangu lisipate kikwazo."

"Amina!" Ni mimi.

"Mlinzi wa geti la nyuma umjalie usingizi mzito."

"Amina, Bwana!" Mimi tena.

"Magodoro hamsini yatoke salama, na stoo wasijue."

"Amina na amina! Harakisha, Bwana!"

Afande akasimamisha. "Huyu mwenye haraka ni nani?"

Nikainua mkono taratibu, kama niko darasani.

"Lakini afande, hakuna godoro hata moja lililotoka!"

"Nani kasema umeiba? Tunazungumzia kula njama. Watu wakikubaliana kuiba, na wamedhamiria, kosa limekwisha kuwa kosa. Hata kama lori lingeharibikia njiani."

"Mimi sikukubali kitu!"

"Amina maana yake nini, mzee?"

Kwa miaka tisa nimewafundisha watu kwamba maana yake ni "na iwe hivyo".

Mchana mke wangu akapewa ruhusa ya kuniona. Akakaa kwenye benchi, mkoba mapajani.

"Baba watoto, waambie ukweli."

"Ukweli upi?"

"Kwamba hukuwa unasikiliza."

"Nani kakwambia sikuwa nasikiliza?"

"Miaka ishirini na mbili naishi na wewe. Nakwambia gesi imeisha, unaitikia, 'Ni kweli kabisa, mke wangu.'"

"Lakini mimi ni kiongozi wa sala! Nitaonekana mnafiki."

"Mwizi atalala huku. Mnafiki tunarudi naye nyumbani. Chagua."

Nikachagua.

Nikamweleza afande yote: jaribio, ua, petali. Hakuamini.

"Kila anayekaa kwenye kiti hicho hakusikia kitu," akasema.

"Afande, tafadhali. Isikilize mpaka mwisho."

Akabonyeza tena. Foko bado anaomba. Karibu na simu Mama Usafi ananong'ona, "Jamani, nani kaacha bomba wazi?"

"Amina!" Mimi.

Fundi wa mashine, aliyesimama kushoto kwangu: "Kaka, unanikanyaga."

"Amina, Bwana! Zidisha!"

Askari wa mlangoni akatoka nje. Afande akaziba mdomo kwa faili.

Nikaandika maelezo kwa mkono wangu mwenyewe: kwamba mimi, kiongozi wa sala, nilikuwa naitikia bila kujua kinachoombwa. Nikasaini. Nikageuzwa kutoka mtuhumiwa kuwa shahidi.

Mahakamani maelezo yale yakasomwa kwa sauti, nusu ya kiwanda ipo. Nilitazama vidole vya miguu yangu mpaka nikavihesabu mara mbili.

Foko hakuwa na wakili. Akajitetea mwenyewe.

"Mheshimiwa, mimi niliomba tu. Na Mungu hakukubali, kila mtu ameona. Sasa kosa liko wapi?"

Hakimu akavua miwani.

"Kumwomba Mungu hakuna shida. Shida ni kwamba binamu yako naye alikuomba wewe, na wewe ukakubali."

Miezi kumi na minane kila mmoja.

Kabla hawajampandisha gari, nikaomba nimwone. Tukasimama kwenye korido, pingu mikononi mwake. Nilikuwa na hasira naye, niwe mkweli. Alikuwa amenivua nguo mbele za watu.

"Foko, mtu anapanga wizi halafu anautangaza kwenye maombi? Una akili kweli wewe?"

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto.

"Kaka, binamu alinibana wiki tatu. Nilikwisha kukubali, nikashindwa kurudi nyuma peke yangu. Nikasema, nitaitaja mbele yenu, saa, siku na idadi. Mtu mmoja tu afumbue macho aniambie, 'Foko, una wazimu?' Hapo hapo ningeacha."

Akatazama pingu zake.

"Wewe ukaniambia harakisha."

Sheria ilinipima, ikaniona sina hatia, ikaniruhusu niende zangu. Yeye amefungwa kwa kukubali. Mimi nimeachiwa kwa kutosikia. Ukiniuliza nani alikosea zaidi asubuhi ile, nitakuomba tubadilishe mazungumzo.

"Niombee, kaka," akasema.

"Nikuombee nini?"

Akanitajia. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamuuliza neno moja ambalo sikulielewa, akanielewesha. Ndipo nikaomba, macho wazi, nikimtazama usoni. Tulipomaliza, aliyesema amina ni yeye.

Uongozi wa sala nimeuachia. Siku hizi nasimama mwisho wa mstari na kuitikia taratibu.

Ndugu yangu unayesoma haya, mtu akiomba karibu yako, msikilize. Huenda haongei na Mungu peke yake.