Tonge Nililomeza kwa Kuona Haya Kuuliza

Mwanangu, nikiikumbuka Ijumaa ile, hata leo mwili unanisisimka. Kabla hujapanda ndege kwenda Manila na madam wako, hebu kaa kitako nikusimulie.

Nilikuwa binti kama wewe, nafanya kazi za ndani huku Mirdif, mtaa wa Dubai. Mama yangu katoka Umra, akapitia hapa Dubai anione kabla ya kurudi Mombasa. Nami, kwa kupenda sifa, nikampeleka mkahawa wa Wafilipino, aone mwanawe kawa mtu wa mjini. Mhudumu, msichana wa Kifilipino, akatuletea orodha ya vyakula yenye picha, akaanza kunieleza nyama zilizomo. Nikamkata kauli. "Khalas, basi, najua. Lete hii."

Najua nini, mimi? Nilichojua ni kwamba Dubai ni nchi ya Kiislamu, basi kila kinachopikwa ni halali!

Chakula kikaletwa na mwenzake, chanukia hicho. Mama akapiga bismillahi, akainua kijiko. Mara yule msichana akaja mbio, akamshika mkono. "Mama, la! Haram!"

Lahaula! Nguruwe! Kijiko kikaanguka. Kilikuwa bado hakijafika kinywani mwa mama. Mimi tonge la kwanza nilikuwa nimeshalimeza. Nikalia mbele za watu. Msichana akatuonyesha kwenye orodha: alama ya nguruwe ilikuwapo pale pale, na ndiyo aliyotaka kunieleza.

Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Huyu si wa dini yangu, naye kaniokoa. Wewe niliyekuzaa umeona haya kuuliza."

Maneno yale yalinichoma kuliko kofi. Na tulipopita sokoni siku ile, kila kiatu alichoshika aliuliza, "Ngozi ya mnyama gani hii?" Kimoja muuzaji akakiri, bitana yake ni nguruwe. Mama akakirudisha, akanitazama.

Basi mwanangu, kuuliza si ujinga. Huko Manila, mhudumu akianza kueleza, mwache amalize. Sokoni uliza kitu kimetengenezwa kwa nini kabla ya kuuliza bei. Usidhani, mimi nilidhani, na majuto ni mjukuu.

Nenda salama, Mungu akupe ulimi usioona haya. Na pale utakaposahau kuuliza, akuletee mtu wa kukushika mkono mapema, kama alivyoshikwa mama yangu.